Kutoa uso mmoja kwenye umbo lililofungwa

*Nimechora kasha la spika kwa programu ya Rhino, limefungwa pande zote. Fundi wa CNC anataka ubao wa mbele peke yake. Nikitumia Explode, kasha lote linasambaratika. Naogopa kuharibu kazi. Nifanyeje?*
*Msomaji, Arusha*

Ondoa hofu, bonyeza Ctrl+Z na kasha lako litarudi. Katika Rhino, umbo lililofungwa ni nyuso zilizoshikana kingo kwa kingo, ndani hamna kitu. Explode huachanisha zote kwa mkupuo, ndiyo maana uliona vile.

Unachohitaji ni ExtractSrf. Andika amri hiyo, weka Copy=Yes, bofya uso wa mbele, kisha Enter. Utapata nakala ya uso, na kasha litabaki zima. Hapo chagua nakala hiyo na utumie DupBorder: utapata mistari ya kingo pamoja na ya matundu ya spika, na hiyo ndiyo ya kumpa fundi. Copy ikiwa No, uso unang'oka na kasha linabaki wazi.

Likibaki wazi, lifunge kwa Join. Likigoma, ShowEdges itakuonyesha kingo ambazo hazijashikana. Wengi hukimbilia kulegeza kipimo cha ustahimilivu (tolerance) kwenye mipangilio. Mimi sishauri, pengo linabaki palepale. Chora upya uso wenye kasoro.

Faili likiwa limetoka programu nyingine na limejaa kingo wazi, usijitese. Mwombe aliyelichora akutolee jingine la aina ya STEP.