Mkono Huhisi, Kidole Hakihisi



Katika mambo ya ajabu ya zama zetu, ni machache yapitayo hili: mtu mmoja, kwa siku moja, huwa bakhili na mfujaji pamoja, wala mwenyewe hana khabari. Asubuhi husimama Marikiti mbele ya fungu la nyanya akashindana na muuzaji kwa shilingi 10. Huapa, hugeuza mgongo, hujitia kwenda zake, kisha hurudi. Akipunguziwa hizo 10 huona ameshinda vita. Adhuhuri mtu yule yule yuko barazani, simu mkononi, na kwa kugusa kidole mara tatu zimemtoka shilingi 200 kwa jambo ambalo ukimwuliza magharibi hatalikumbuka. Kwa hizo 200 hakushindana na mtu. Angeshindana na nani?

Basi twauliza: ile akili iliyokuwa sokoni imekwenda wapi?

Wako wasemao kuwa huu ni upungufu wa watu wetu. Si kweli. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha khabari za jaribio lao. Watu waliambiwa wataje bei ya juu watakayotoa kupata tikiti za mchezo wa mpira wa kikapu. Baadhi yao waliambiwa watalipa kwa fedha taslimu, na wengine kwa kadi. Wale wa kadi walitaja bei iliyozidi maradufu ya wale wa taslimu. Tikiti zilikuwa zile zile. Na wote hao walikuwa wanafunzi wa biashara!

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Noti ina mwili. Ukiitoa, mkono waona imeondoka, na mfuko waona umepungua. Tarakimu katika kioo cha simu haina uzito. Ikiwa 3,000 au ikiwa 300, simu ni nyepesi vile vile. Wazee wetu waliishi katika fedha zenye mlio. Neno lenyewe, pesa, latokana na kile kisarafu cha Kihindi ambacho 64 zake zilifanya rupia moja. Na rupia ndiyo iliyotumika hapa mpaka mwaka 1920. Ikaja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, kisha shilingi ya Kenya mwaka 1966. Katika mageuzi yote hayo mtu aliendelea kuihesabu fedha yake kwa vidole. Mwezi wa Machi 2007 ilipoingia M-Pesa, fedha ilibaki na jina, lakini mwili ukaondoka.

Tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi simu zitupwe baharini. Kijana wa Nairobi humpelekea mamake Lamu matumizi kwa dakika moja, na hapo zamani angemkabidhi dereva bahasha na kuomba Mungu ifike. Mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Science, nao walikadiria kuwa M-Pesa ilizitoa katika ufukara aila 194,000 za Kenya. Hiyo ni neema, na mwenye kuikanusha hana insafu. Maneno yetu ni juu ya mtu aliyepewa chombo chema akakitumia akiwa amelala.

Tazama deni. Iko huduma iitwayo Okoa Jahazi: mtu aliyeishiwa na salio hukopeshwa muda wa maongezi, na akiomba wa 100 hupata wa 90, naye hudaiwa 100 kamili. Sisi watu wa pwani twajua majahazi, na hatujapata kusikia lililookolewa kwa kutobolewa tundu jingine. Tena iko M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Asilimia 7.5 yasikika kama kitu kidogo. Lakini mwenye kukopa 1,000 kila mwezi na kuzirudisha kila mwezi, baada ya mwaka ametoa 900 za ada, na ile 1,000 ingali si yake. Lau muuza nyanya angemtaka ziada kama hiyo angemwita mwizi mbele ya watu. (Hukumu ya riba yajulikana, wala si makusudio ya somo hili, leo twazungumza na mwenye kujua hukumu na asiyejua hesabu.)

Kwa kamari ndiyo hesabu imezikwa kabisa. Mtu huambiwa abashiri mechi 17, kila moja ina njia tatu: kushinda, kushindwa au sare. Njia zote pamoja ni 129,140,163. Angeandika karatasi moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, ingempita miaka minne hajamaliza. Naye hubashiri kwa furaha, juu ya timu za miji asiyoweza kuionyesha katika ramani, na karo ya mtoto ndiyo mtaji.

Atasema msomaji: na mwenye mgonjwa usiku wa manane, hana senti, afanye nini? Huyo ana dharura, na hatumlaumu. Lakini dharura haiji kila siku saa nane mchana barazani.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandika deni. Wengi hukumbuka kuwa yaamrisha kuandika, na husahau kuwa mwenye kuimla ni yule mdaiwa. Deni lake hutoka kinywani mwake mwenyewe, akalisikia kwa masikio yake mbele ya mashahidi. Leo mambo yamepinduka: mwenye kudai huandika kila senti katika mitambo isiyosahau, na mdaiwa hubonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma.

Kwa hiyo kazi ya darasa lijalo ni hii. Kila mmoja anunue daftari la shilingi chache na aliweke pamoja na simu yake. Kabla ya kugusa kitufe cha kutuma, aandike kwa mkono kiasi kile kwa maneno, si kwa tarakimu: shilingi mia mbili, na mbele yake aandike ni za nini. Asiyeona la kuandika mbele yake aache pahala wazi. Afanye hivyo kwa siku saba, kisha atake taarifa ya hesabu kutoka katika simu na ailinganishe na daftari. Madaftari hayatasomwa na mtu mwingine. Tutauliza tu ni pahala pangapi palibaki wazi.