Somo la Makatibu: Hesabu za Mazao katika Kompyuta

Katika vyama vingi vya msingi kompyuta imefika ofisini kabla ya mafunzo yake. Katibu aliyezoea leja na kikokotozi hukuta mezani chombo kipya, chenye programu ya lahajedwali ndani yake, naye hutakiwa kuandaa humo malipo ya msimu. Somo hili lamhusu yeye kwanza. Hata hivyo yafaa wajumbe wa bodi na wanachama walisome pia, kwa kuwa fedha zinazohesabiwa ni zao.

Lahajedwali si jambo geni sana. VisiCalc, programu ya kwanza ya namna hii kuenea katika kompyuta ndogo, ilitolewa mwaka 1979 na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Bricklin alipata wazo lake alipokuwa mwanafunzi wa biashara huko Harvard, akimtazama mwalimu aliyejaza jedwali ubaoni. Tarakimu moja ikibadilika, ilibidi nyingine nyingi zifutwe na kuandikwa upya. Katibu yeyote aliyewahi kusahihisha leja usiku wa kuamkia malipo aijua taabu hiyo.

Ukurasa wa lahajedwali ni kama leja iliyopigwa mistari. Safu A ina majina, B kilo, C bei, na D malipo. Safu na mstari vinapokutana pana kisanduku chenye anwani yake, kama vile B2. Katika D2 haliandikwi jibu, bali agizo: =B2*C2. Kilo zikibadilishwa, malipo hubadilika yenyewe. Hapo ndipo penye faida yote ya chombo hiki, na hatari yake pia, kwa maana kompyuta hutii agizo lililoandikwa na wala haijui nia ya mwandishi.

Tuseme chama kina wanachama 40, katika mistari ya 2 hadi 41, na jumla ya kilo imewekwa juu ya ukurasa, katika F1, kwa agizo =SUM(B2:B41). Baadaye wanachama watatu wapya wanaongezwa chini, wenye kilo 310, 185 na 405. Agizo lisiporekebishwa, kilo 900 zimeachwa nje ya jumla, wala hakuna kengele itakayolia. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, fedha zitakazoombwa zitapungua shilingi 2,700,000. Watakaokosa ni wale waliosimama mwisho wa foleni.

Kosa hili haliwapati wanaoanza peke yao. Wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha mwaka 2010 makala mashuhuri juu ya madeni ya mataifa. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa faili lao la hesabu, akaona kwamba agizo moja la wastani lilikomea mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa. Zilionekana wazi kwenye ukurasa, lakini hazikuhesabiwa.

Kosa la pili ni dogo na lina hila. Anayeandika “240 kilo” ndani ya kisanduku ameandika maneno, si tarakimu, na SUM huyaruka maneno kimya kimya. Iandikwe 240 tu. Neno “kilo” mahali pake ni kichwani mwa safu.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Katibu akitaka majina yafuate alfabeti, kisha akachagua safu A peke yake na kuipanga, majina huhama na kilo hubaki zilipokuwa. Asha hupata mzigo wa Zuberi. Jumla haibadiliki hata kwa kilo moja, kwa hiyo urari wa jumla hauwezi kulifichua kosa hili. Kabla ya kupanga, hapana budi kuchagua jedwali lote. Ni vema zaidi kila mstari uwe na namba ya stakabadhi, ili upate kurudishwa kwa mwenyewe.

Kwa sababu hizo, katika msimu wa kwanza leja ya mkono isiwekwe kabatini. Iendelee kuandikwa sambamba na kompyuta, na kila jioni jumla mbili zilinganishwe. Kazi huongezeka, na makatibu hulalamika kwa haki. Bodi inayodai hesabu mbili yapasa imtafutie katibu msaidizi.

Kabla ya siku ya malipo, mjumbe asiyeshika kompyuta atoe stakabadhi kumi sandukuni bila kuzichagua, asome namba, jina na kilo kwa sauti, naye katibu aonyeshe mstari wa kila moja. Hata moja isipolingana, malipo ya wote yasubiri mpaka chanzo kijulikane.