Rangi ya mkonge kwenye hariri ya Mwingi

SWALI: Nasuka vyondo Mwingi. Nikipika hariri ya mwitu na mkonge katika sufuria moja, hariri hutoka imefifia. Kwa nini?
— Msomaji, Kitui

JIBU: Dada, tenganisha sufuria. Mkonge ni selulosi. Hariri ni protini, jamii moja na sufu, kwa hiyo hazishiki rangi kwa namna moja. Kwa hariri, nunua rangi ya sufu, utie siki kidogo, na maji yasitokote: nyuzi zikichemka sana hupoteza mng'ao.

Lakini kazi kubwa iko kabla ya rangi. Vifukofuko vya Gonometa, nondo wa hariri ya mwitu, vile vya kwenye migunga, ni vigumu na vina vinyweleo vinavyowasha, kwa hiyo vaa glavu. Subiri nondo atoke ndipo uviokote, msimu ujao upate vingine. Vichemshe kwa magadi hadi gundi ilainike, kisha suuza mpaka utelezi uishe kabisa. Magadi yakibaki huua nguvu ya siki, nami nashuku hapo ndipo rangi yako inapopotelea.

Hariri hii ina hudhurungi yake ya asili, hivyo waridi na samawati hafifu hazitaonekana. Jaribu maganda ya vitunguu na shabu: utapata dhahabu iliyokolea, nzuri mno kando ya mkonge mweupe.