Njia ya Uhandisi wa Mawasiliano ya Simu

Swali: Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania afanye nini ili awe mhandisi wa mawasiliano ya simu?

Jibu: Njia ni mbili. Ya kwanza hupitia kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), kisha shahada ya miaka 4, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya pili ni stashahada, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), ambayo baadaye huweza kuendelezwa hadi shahada. Njia hii ya pili huzoesha mikono mapema. Kuunganisha uzi wa faiba, mwembamba kama unywele, hakufundishiki ubaoni tu. Shahada nayo haitoshi: sheria ya mwaka 1997 humtaka mhitimu asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na hadhi ya mhandisi mtaalamu hupatikana baada ya mafunzo kazini chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka 3.