Foleni ya Chaja ya Gari la Umeme: Jinsi ya Kulipia Uniti Bila Kulipia Kungoja

Gari la umeme lina raha zake. Hakuna petroli, hakuna kubadilisha oili ya injini, na fundi humwoni mara kwa mara. Lakini ukiuliza wenye magari haya shida iko wapi, wengi watakwambia iko kwenye chaja. Chaja za haraka za umma bado ni chache, hasa ukitoka nje ya Nairobi, na kila mtu anazihitaji saa ile ile. Unafika betri ikiwa asilimia 15, mbele yako kuna magari mawili, na mwenye lile lililochomekwa ameenda kula.

Kama unaendesha teksi kati ya Yamumbi na mjini Eldoret, saa moja kwenye foleni ni wateja waliobebwa na mtu mwingine. Kwa hivyo leo tujifunze mambo matatu: kwa nini foleni haisongi, unalipia nini hasa, na ulipe vipi kwa simu bila pesa yako kupotea katikati ya haraka.

Kwa nini foleni haisongi

Betri hujazwa kama mtungi wa maji. Mwanzoni unafungua mfereji wote, lakini ukikaribia shingoni unapunguza ili maji yasimwagike. Chaja ya haraka nayo hufanya hivyo: inasukuma stima kwa nguvu mwanzoni, halafu ikipita asilimia 80 inapunguza sana ili betri isiharibike.

Chukua Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 (uniti hizi ni zile zile unazonunua kwa tokeni). Kwenye chaja ya kilowati 50, kutoka asilimia 20 hadi 80 ni kama dakika 40. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na huo! Halafu betri ya Leaf hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza, kwa hivyo ikipata joto baada ya safari ndefu, chaji inakuwa polepole zaidi. Anayetoka Nairobi kuja Eldoret anaendesha kilomita 310 hivi, na akitoka Nakuru anapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mlima huo unakula betri. Akifika, atakaa kwenye chaja muda mrefu.

Kuna pia suala la plagi. Leaf hiyo hutumia CHAdeMO, na magari mengi mapya hutumia CCS2. Usipange foleni kabla ya kuhakikisha chaja ina kebo inayoingia kwa gari lako.

Jua unalipia nini

Vituo havitozi kwa njia moja. Soma bei kwenye skrini au kwenye programu kabla ya kuchomeka. Bei tunazotumia hapa chini ni za mfano tu, ili uone hesabu inavyokwenda.

*Bei kwa uniti.* Tuseme ni shilingi 40. Kutoka asilimia 20 hadi 80 unaingiza uniti 24, yaani shilingi 960. Ukiendelea hadi 100 unaongeza uniti 8, shilingi 320.

*Bei kwa dakika.* Tuseme ni shilingi 20. Dakika 40 za kwanza ni shilingi 800 na unapata uniti 24. Dakika 40 za mwisho ni shilingi 800 nyingine, na unapata uniti 8 pekee. Umelipa sawa, umepata theluthi moja.

*Ada ya kukaa.* Vituo vingine hutoza gari lililomaliza chaji na bado limechomekwa. Kama umeenda dukani, weka kengele kwenye simu.

Ukiangalia vizuri, kuchomoa kwenye asilimia 80 kunakuokolea muda kwa bei yoyote ile, na aliye nyuma yako pia anafika nyumbani mapema. Endelea hadi 100 tu kama safari iliyo mbele yako inahitaji.

Kulipa kwa simu ukiwa kwenye foleni

Makosa mengi ya malipo hutokea mtu akiwa na haraka na watu wanampigia honi. Fuata hatua hizi:

1. Weka pesa kwenye pochi yako kabla ya kufika. Zamu yako ikifika na salio halitoshi, utapitwa.
2. Hakikisha jina la biashara. Kabla ya kuweka PIN, jina linalotokea kwenye simu lifanane na la kituo. Usitume kwa nambari ya mtu binafsi eti "akuwekee nafasi mbele".
3. Chunguza msimbo wa QR. Huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, matapeli wamebandika stika bandia juu ya misimbo halisi ya chaja. Ukiona stika juu ya stika, usiiskani. Tumia programu ya kituo au nambari ya tili iliyo kwenye skrini.
4. Usilipe mara mbili. Mtandao ukichelewa, angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Ukikuta pesa imetoka na chaja haijawaka, mwonyeshe mhudumu ujumbe wa malipo.
5. Tunza ujumbe mpaka chaji iishe. Chaja ikijizima katikati, nambari ya muamala pamoja na picha ya skrini yenye uniti ulizopata ndio ushahidi wako wa kudai salio.

Njia bora ni kuepuka foleni

Chaja ya umma iwe ya safari na dharura. Chaji ya kila siku ifanyike gari likilala. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inaingiza uniti 24 kwa saa tatu na nusu hivi. Soketi ya kawaida, ikitoa kilowati 2, inahitaji kama saa 12. Soketi hiyo itabeba mzigo usiku kucha, kwa hivyo fundi wa stima akague waya kwanza.

Mwaka 2023, EPRA iliweka bei maalum ya stima ya kuchaji magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 wakati matumizi ya stima yakiwa chini, kabla ya ushuru na tozo nyingine. Siku za kazi, wakati huo ulikuwa usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Bei hii haiji yenyewe kwenye mita yako ya nyumbani. Uliza Kenya Power namna ya kuiomba.

Na kama umepanga ploti? Ongea na landilodi kabla hujachomeka. Mita ikiwa ya pamoja, uniti 24 kwa usiku mmoja zitaleta ugomvi na majirani. Kubalianeni kuhusu mita ndogo ya gari lako, halafu ulipe kwa simu kila wiki ili kila upande ubaki na rekodi.

Zoezi la wiki hii

Fungua taarifa yako ya miamala na ujumlishe malipo yote ya chaji ya siku saba. Gawanya kwa kilomita ulizoendesha. Kwa mfano wetu wa bei kwa uniti, shilingi 960 kwa kilomita 140 ni karibu shilingi 7 kwa kilomita. Kisha andika saa ulizopoteza kwenye foleni na uzidishe kwa kile ambacho ungeingiza kwa saa moja ya kazi. Kama hiyo ya pili ndiyo kubwa, basi tatizo lako si bei ya stima. Ni saa unayoenda kuchaji, na hiyo unaweza kuibadilisha kuanzia leo usiku.