USIPOZIBA UFA: SOMO KUHUSU PROGRAMU HURIA

Pita pale Umoja ama Buruburu utazame nyumba. Mitaa hii ilianza kujengwa miaka ya 1970, nyumba moja kwa jamaa moja. Leo nyumba nyingi zimeongezwa vyumba, nyingine zimekuwa maghorofa ya kupangisha. Lakini chini ya ardhi, mara nyingi bomba la majitaka ni lile lile la zamani. Chumba kipya huleta kodi na sifa. Bomba halimletei mtu sifa, mpaka siku litakapofurika njiani. Hapo ndipo watu huulizana, "Kwani hii ni kazi ya nani?"

Swali hilo hilo huwasumbua watu wanaounda programu huria za kompyuta. Hebu tulichambue.

Programu huria ni nini?

Ni programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadilisha na kuwagawia wenzake. Nyingi huundwa na watu wanaojitolea, jioni baada ya kazi zao. Usidhani ziko mbali nasi. Simu za Android tunazobeba mifukoni zina kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991.

Kazi ya waundaji hawa ni ya aina mbili. Kuna matengenezo, yaani kuondoa kasoro na kuilinda programu dhidi ya wezi. Kisha kuna nyongeza, yaani kuipa programu uwezo ambao haikuwa nao. Aghalabu kila mtu hupenda nyongeza, kwa maana huonekana. Matengenezo yakifanywa vizuri, hakuna anayejua kwamba yamefanywa.

Kisa cha OpenSSL

OpenSSL ni programu huria inayoficha mazungumzo kati ya kompyuta mbili, ili nywila yako isisomwe njiani. Mnamo tarehe 31 Desemba 2011 iliingizwa nyongeza ndogo tu, ikatolewa kwa watu wote Machi 2012. Kompyuta moja hutuma neno kuuliza, "Bado upo?" na ya pili hulirudisha neno lile lile. Tatizo ni kwamba programu haikupima urefu wa neno lililoletwa. Iliamini tu urefu uliotajwa.

Tuseme umempelekea mwenye kioski mfuko wa unga wa kilo moja akuwekee. Jioni unarudi na kusema, "Niliacha kilo sitini." Naye, bila kutazama mzani, anachota unga wa wateja wengine hadi zitimie. Ndivyo nywila na siri za watu zilivyoweza kuchotwa. Kasoro hiyo ilikaa miaka miwili. Ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed, ilikadiriwa kuwa seva zipatazo 500,000 zilikuwa hatarini.

Je, walinzi walikuwa wapi? Walikuwepo, lakini wachache mno, na michango waliyopokea ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni makubwa yaliyoitumia programu hiyo bure yalichanga fedha baada ya aibu hiyo. Kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tukatae mapya?

La hasha! Programu ya Ushahidi ilizaliwa hapa kwetu Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu waliojitolea waliiunda kwa siku chache, ili wananchi watume habari na zionekane kwenye ramani. Wakati ule kilichohitajika kilikuwa kitu kipya, tena upesi. Lakini mwaka wa 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Programu ikishategemewa hivyo, kosa dogo laweza kumpoteza mtu anayesubiri msaada. Hapo matengenezo hupanda cheo.

Kwa hivyo, mpangilio mwema ni huu:

1. Kwanza, kasoro inayomdhuru mtumiaji, kama vile siri kuvuja ama kumbukumbu kupotea. Hii haingoji kesho.
2. Pili, kitu kilichoharibika ambacho watu tayari wanakitegemea.
3. Tatu, majaribio na maelezo, ili mgeni aweze kusaidia bila kubomoa.
4. Nne, nyongeza. Na kabla ya kuipokea tuulize: aliyeileta akiondoka, nani ataitunza?

Kuna ugumu mmoja. Anayejitolea hapokei amri. Ukimlazimisha, atakuaga aende zake. Dawa yake ni kuweka misimu. Katika Linux, nyongeza hupokelewa kwa majuma mawili hivi, kisha majuma saba ama manane huwa ya kurekebisha tu. Debian, mradi wa watu wanaojitolea tangu 1993, nao hufunga mlango wa mapya kabla ya kila toleo, mpaka kasoro kubwa ziishe. Hivyo hakuna anayenyimwa nafasi ya kubuni, ila kila mtu anajua saa ya kufagia imefika. Jambo la pili ni sifa. Anayeondoa kasoro atajwe kwa jina sawa na anayeleta jipya, kwani asiyeshukuriwa huchoka haraka.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Nasi tuongeze kwamba havitaelea daima bila mtu wa kuziba nyufa. Ukitumia kitu cha bure, jua kwamba kuna mtu anayekesha kwa ajili yako.

Maswali ya mjadala chamani

1. Kwa nini kasoro ya OpenSSL haikuonekana kwa miaka miwili? Toa sababu mbili.
2. Tofautisha mahitaji ya Ushahidi ya mwaka wa 2008 na ya 2010.
3. Chama chetu kina shilingi chache: tununue vitabu vipya au tushone vilivyoraruka? Tumia mpangilio uliotolewa hapo juu kutetea jibu lako.