SOMO LA AFYA: MAUMIVU BAADA YA KUPASULIWA PAFU

Wako wenzetu katika mashamba ya miwa na chai, na katika viwanda, waliorudi kutoka hospitali ya rufaa wakiwa na kovu refu lianzalo mgongoni na kuzunguka chini ya kwapa. Wengine walipasuliwa kwa sababu kifua kikuu kiliharibu sehemu ya pafu au kilijaza usaha kifuani, wengine kwa ajili ya saratani, wengine kwa kuumia. Ndugu hawa huambiwa "pole" na kila mtu, lakini ni wachache wanaoelezwa namna ya kuishi na maumivu yale mpaka waweze kushika kazi tena.

Kwanza tujue kwa nini yanauma sana. Ili kulifikia pafu, mpasuaji hupita kati ya mbavu mbili na kuzitanua kwa chuma. Chini ya kila ubavu umepita mshipa wa fahamu. Mkono uliovunjika unaweza kufungwa ukatulia, lakini mbavu hazitulii, maana kila pumzi huzisogeza. Siku hizi wengine hupasuliwa kwa matundu madogo na kamera, na hao huumia kidogo kuliko wenzao, ingawa maagizo ya baadaye karibu ni yale yale.

Wanaume wa kazi ngumu tuna tabia ya kujikaza. Muuguzi akiuliza, tunasema "si kitu". Basi mgonjwa hapumui mpaka mwisho wala hakohoi, kwa kuogopa uchungu. Makohozi hubaki chini ya pafu, sehemu hiyo hujikunja na kukosa hewa, na baada ya siku chache kichomi kimeingia. Kwa hiyo kuomba dawa ya maumivu si uoga. Dawa ndiyo inayokuwezesha kukohoa, na kukohoa ndiko kunakoliokoa pafu.

Dawa imezwe kwa saa zake, usingoje maumivu yapande kwanza. Mtu mzima akipewa parasetamo za miligramu 500, asizidishe vidonge 8 kwa siku, na mwenye uzito mdogo au ini bovu apangiwe pungufu. Angalieni pia vidonge vya mafua vya dukani, kwani vingi vina parasetamo ndani yake na hesabu hupotea. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amwambie daktari kabla ya kuzimeza.

Watu wengi huogopa mofini. Hapa Uganda tuna sababu ya kuijua vizuri, maana tangu mwaka 1993, Dr. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, mofini ya maji ya kunywa imetumika kwa wagonjwa wenye maumivu makali, na tangu mwaka 2004 sheria imewaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Ikitolewa kwa kipimo, kwa siku chache baada ya kupasuliwa, si rahisi mtu kuwa mtumwa wake. Hatari ni kununua tramado kichochoroni na kujipimia mwenyewe. Mofini, kodeini na tramado huleta usingizi, basi usiguse mashine, wala usichanganye na waragi. Pia hufunga choo. Kunywa maji, kula papai na mboga, na uombe dawa ya kulainisha choo mapema.

Kukohoa kuna ufundi wake. Kaa wima, kumbatia mto au blanketi lililokunjwa ulibane juu ya kidonda, vuta pumzi ndefu mara tatu, kisha kohoa kwa nguvu. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara 10. Ukiwa bado na mpira kifuani, chupa yake ikae chini kuliko kifua chako siku zote, hata ukitembea. Asije jamaa akaiinua kitandani ili apate nafasi ya kukaa! Maji yake yanaweza kurudi kifuani.

Mkono wa upande uliokatwa usiachwe ukalala. Chana nywele kwa mkono huo, simama mbele ya ukuta upandishe vidole polepole kila siku. Mchuma chai au mkata miwa ambaye bega lake limekauka ana shida kubwa kuliko kovu.

Nyumbani, maumivu hupungua wiki kwa wiki. Ganzi na hali ya kuwaka kandokando ya kovu huweza kudumu miezi. Hiyo ni mishipa ya fahamu, na ina dawa zake nyingine, kwa hiyo yakipita miezi mitatu rudi kliniki. Lakini rudi siku hiyo hiyo ukiona homa, usaha, damu katika makohozi, pumzi kukatika ghafla, au mguu mmoja kuvimba.

Sasa kazi. Aliyefunguliwa kifua kwa kawaida asibebe mzigo mzito kwa wiki 6 hivi, na kazi ya gunia au panga huhitaji wiki 8 hadi 12. Hapo ndipo sheria inapobana. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuvunja mkataba. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, kama kiwango cha chini. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Pafu la Mganda haliponi upesi kuliko la Mtanzania. Jambo hili liwekwe katika mkataba wa pamoja, kabla mtu hajaugua.

Kwa sasa, usirudi shambani kwa sababu nyapara amekuita. Kabla hujatoka hospitali, omba barua inayotaja tarehe ya upasuaji, wiki za kupumzika, na kazi usizoweza kufanya, kwa mfano kubeba au kukaa penye vumbi na moshi. Barua inayosema tu "kazi nyepesi" kila msimamizi huisoma apendavyo. Nakala moja mpe mwajiri, moja mwakilishi wa chama, na ya asili ubaki nayo mwenyewe.